UZI: Filimbi mara tatu. Namkumbuka Baba, mkimbiaji aliyekuwa akitembea nyuma

MtotoWaKambi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu. Wiki sita zimepita tangu tumzike Baba kijijini kwetu, juu kidogo ya Budadiri, mashariki mwa Uganda. Ukisimama kaburini na kuinua macho unauona Mlima Elgon, ambao sisi Wagisu tunauita Masaba. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nauweka kama ulivyo.

Siku ya mazishi walisimama wengi kusema. Afande mmoja mstaafu alieleza jinsi Baba alivyoikimbilia polisi mita 5,000, na kwamba kwenye mbio za nyika wenzake walikuwa wakigombea nafasi ya pili. Jirani akasema habari za kahawa yake. Katekista akasema habari za imani yake. Yote kweli, na ninawashukuru. Ila mimi nilikaa chini ya lile turubai nikisubiri mtu aseme jambo moja, na hakuna aliyelisema: kwamba mtu yule mwenye mbio kuliko wote, kila alipotoka na watu, alitembea nyuma.

Tulikuwa watoto sita. Tukienda mtoni, kanisani au mlimani, mstari ulikuwa ule ule. Mdogo kuliko wote mbele, kwa sababu yeye ndiye mwenye kupanga mwendo. Kisha wengine kwa kufuatana umri, kisha Mama, na Baba mwisho kabisa, jerikeni ya lita tano begani, viatu vya matairi miguuni. Wageni walimshangaa. Mwanaume mzima, bingwa, anaburuta miguu nyuma ya mtoto wa miaka minne anayesimama kila hatua kuangalia siafu! Naye anasimama. Mtoto akimaliza na siafu wake, safari inaendelea.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo.

Baba alizaliwa mwaka 1949, mwaka ule ule aliozaliwa John Akii-Bua, na jambo hilo alilitaja kama watu wanavyotaja undugu. Akii-Bua alikuwa Mlangi wa Abako, kaskazini, Baba Mgisu wa mlimani, lakini wote walivaa sare moja ya polisi. Tarehe 2 Septemba 1972, siku ya fainali ya mita 400 kuruka viunzi kule Munich, Baba alikuwa askari kijana kwenye kambi ya polisi ya Naguru, Kampala. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali, ambayo hakuna mruka viunzi anayeitamani. Akamaliza kwa sekunde 47.82. Rekodi ya dunia, mtu wa kwanza kuteremka chini ya sekunde 48, na dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Baba alituhadithia kwamba kesho yake asubuhi kambi nzima ilitoka kukimbia, hata wapishi, hata askari mnene wa stoo ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha.

Ndani ya kambi ile ndimo tulimozaliwa. Mama ni Mjapadhola wa Tororo, Baba Mgisu, mlango wa kulia Wateso, wa kushoto Waacholi. Lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Najua Waganda wengi wa umri wetu walikua wakikiogopa, kwao ilikuwa lugha ya mwanajeshi aliyekuja usiku kugonga mlango. Siwalaumu, waliyoyaona waliyaona. Lakini kwangu mimi Kiswahili ni lugha ya mtu aliyepiga magoti kunifunga kamba za viatu akisema, "Kaza, lakini usiubane mguu, mguu nao unapumua."

Na alikuwa na filimbi. Filimbi ya chuma, aliyopewa na mwalimu wake wa mazoezi, imekwaruzika mpaka rangi imeisha. Jioni alisimama mlangoni akatuita nayo. Mara moja: kaka mkubwa. Mara mbili: dada. Mara tatu: mimi. Hivyo hivyo mpaka sita. Watoto wa kambi nzima walizijua namba zetu, ukichelewa wenzako wanakwambia, "Wewe tatu, unaitwa!"

Mwaka 1986 serikali ilipobadilika, askari polisi wengi walipunguzwa, na Baba alikuwa mmojawapo. Nilikuwa na miaka minane. Tulipakia magodoro kwenye lori tukaenda kijijini ambako binamu zetu walitucheka, maana hatukujua Kigisu hata cha kuomba maji. Baba akashika jembe, akapanda kahawa ya arabika chini ya migomba kama baba yake. Ila alfajiri bado aliondoka kukimbia, peke yake, akipandisha. Watu wa kijiji walidhani ameumizwa na kufukuzwa kazi. Mtu anakimbia bila kukimbizwa?

Nitaendelea, macho yameingia maji.

ShangaziTororo

Pole sana mwanangu. Pole kwa mama yako, mwambie Tororo tunamlilia naye. Umenirudisha mbali. Mume wangu naye alikuwa askari, tulikaa Nsambya. Watoto wa kambi mna lugha yenu na tabia yenu, mkikutana popote mnajuana. Endelea, tunasoma.

Dereva_Malaba

Makiwa ndugu. Hapo kwa siafu nimesimamisha gari. Mimi wangu nawavuta mkono siku zote, twende twende, tumechelewa.

MtotoWaKambi

Asanteni. Shangazi, salamu zitamfika.

Naendelea na siku niliyopotea, kwa sababu ndiyo siku niliyomjua Baba.

Ilikuwa 1991, nina miaka kumi na mitatu. Wakati ule mlima ulikuwa bado msitu wa akiba wa serikali, haujatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mvua zilikuwa zimeanza na machipukizi ya mwanzi yametoka, tukapanda kutafuta malewa. Kwa wasiojua: malewa ni yale machipukizi, yanakaushwa kwa moshi, kisha yanapikwa polepole na karanga za kusaga. Mgisu akiwa mbali na nyumbani, harufu hiyo tu inatosha kumliza.

Mimi nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimeshinda mbio za shule wiki hiyo, na bado nimewekwa katikati ya mstari nyuma ya mdogo wangu anayejikwaa kila mzizi. Tulipoingia kwenye mianzi nikachomoka. Nilitaka Baba aone kasi yangu. Nikakimbia, nikakata kulia, nikakata tena, na niliposimama ukungu ulikuwa umeshuka.

Aliyewahi kuwa ndani ya mianzi ya Elgon wakati wa ukungu ataelewa. Kila upande ni ule ule. Shina, shina, shina, na weupe katikati. Maji yanadondoka kutoka juu lakini huoni yanakotoka. Sauti yako mwenyewe inakurudia usoni. Niliita mpaka koo likauma. Kisha nikakumbuka alivyotufundisha: ukipotea, kaa. Anayetembea ni watu wawili, aliyepotea na anayezidi kupotea. Nikakaa juu ya mizizi, nikitetemeka, suruali imelowa, na si maji ya mvua peke yake.

Sijui ilichukua muda gani. Nikasikia mbali sana: pii, pii, pii. Kimya. Pii, pii, pii.

Namba yangu.

Nikachukua panga nikapiga mwanzi kwa mgongo wa panga, mara tatu. Mwanzi mbichi unalia kama ngoma ndogo. Akapiga filimbi, nikapiga mwanzi. Hivyo mpaka nikamwona anatoka kwenye weupe, anatembea, hakimbii. Nilijua kwamba njia nzima alikuwa amekimbia, kwa sababu kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka kama mvukuto. Alipunguza mwendo hatua za mwisho ili nisimwone ameogopa.

Hakunichapa. Hakusema neno. Aliinama, akaangalia viatu vyangu, akafunga kamba ya kushoto iliyokuwa imelegea. Aliponirudisha kwa wengine akaniweka mbele kabisa, nafasi ya mtoto mdogo, na mdogo wangu nyuma yangu. Yeye akaenda mwisho kwa jerikeni yake. Nilitembea hivyo mpaka nyumbani, nikiwa mimi ndiye ninayepanga mwendo wa watu wote. Viboko ningevisahau. Ile siku sijaisahau.

MkimbiajiKapchorwa

Kaka, natoka upande wa pili wa mlima huo huo, kwa Wasabiny. Sisi tunakimbia, mnajua. Ila makocha wa huku nao wana desturi kama ya mzee wako, kwenye mazoezi ya mwendo mrefu kocha anakaa na kundi la nyuma. Wa mbele wanajiendea, wa nyuma ndio wanaoacha mchezo.

Nataka kujua, mzee aliishi kuyaona ya wakimbiaji wetu Kiprotich na Cheptegei?

MtotoWaKambi

Aliyaona yote! Asante kwa kuuliza.

Tarehe 12 Agosti 2012, marathoni ya Olimpiki ya London. Tulikuwa Mbale kwenye duka la rafiki yake lenye televisheni, watu wamejaa mpaka barabarani, wengine bado na vumbi la kadodi, ngoma yetu ya tohara, miguuni maana ulikuwa mwaka wa tohara. Kiprotich alikuwa na Wakenya wawili, Abel Kirui na Wilson Kipsang. Kuna mahali alionekana ameachwa kidogo, duka zima likaguna. Baba akasema polepole, "Mwacheni. Anawaangalia migongo." Baada ya kilomita ya 36 hivi kijana akachomoka kama aliyeitwa na mama yake. Saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Dhahabu ya pili katika historia yetu, miaka 40 baada ya ile ya Munich.

Duka lilipasuka kwa kelele. Baba alibaki amekaa kwenye kreti ya soda, mikono juu ya magoti, machozi yanateremka wazi wazi bila kuyafuta. Nilimsikia akisema, "Akii hakuishi kuona." Akii-Bua alifariki Juni 1997, akiwa na miaka 47 tu.

Baadaye akaja Peruth Chemutai, mbio za kuruka viunzi na maji, Tokyo 2021, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Baba alinunulia soda wasichana wote wa jirani. Na Cheptegei alikuwa anampenda kwa sababu mbili: ni wa mlima, na ni polisi. Alipoweka rekodi ya mita 10,000 kule Valencia mwaka 2020, 26:11, Baba alichukua kijiti akapiga hesabu chini kwenye udongo: mizunguko 25, kila mzunguko chini kidogo ya sekunde 63. Akakitazama kile kijiti muda mrefu. Kisha akainuka akaenda kukimbia, mzee wa miaka sabini na moja.

NyukiWaElgon

Mimi ni mbeba mizigo wa mlimani, kwenye njia ya kupanda iitwayo Sasa. Nafikiri namjua mzee huyu. Kama ndiye, alikuwa akipanda na vijana wake mmoja mmoja, sivyo? Na viazi vya kuchemsha.

MtotoWaKambi

NyukiWaElgon, umenishtua. Ndiye huyo.

Kila mtoto akitimiza miaka kumi na mitano alipelekwa Wagagai, kileleni, mita 4,321, peke yake na Baba. Wasichana na wavulana sawa. Wazee fulani walinung'unika kuhusu dada yangu, kwamba mlima si mahali pa binti. Baba aliwajibu kwamba hao wanaobeba kuni kila siku kutoka huko huko mlimani ni kina nani? Wakanyamaza.

Unatoka Budadiri, unapita mashamba ya kahawa na migomba, unafika kwenye kuta za miamba za Mudangi unapanda kwa ngazi. Kisha msitu mkubwa, kisha mianzi, kisha nyasi na ile mimea ya ajabu, lobelia na senesio ndefu kuliko mtu. Usiku wa pili tulilala kambi ya Mude. Baridi ile sijaipata kwingine, asubuhi majani yamefunikwa barafu nyembamba inayovunjika chini ya kiatu. Ndio usiku alioongea. Kwa kawaida Baba hakuwa msemaji, lakini pale Mude alimwambia kila mtoto jambo lake. Langu nalihifadhi. Tumekubaliana ndugu sita kwamba hatuulizani.

Kileleni alitoa viazi, chumvi kwenye karatasi, na chai. Kisha akakaa akiupa mgongo upande wa Kenya na mawingu na yale yote ambayo watu wanalipa kuja kuyaona, akanitazama mimi nikila. Nilimwambia, "Baba, geuka uone." Akasema, "Mimi naona."

NyukiWaElgon

Ndiye. Pole ndugu yangu. Nikueleze moja ambalo huenda hulijui. Machi 2010, udongo ulipoporomoka Bududa ukafunika kijiji cha Nametsi, nilienda na vijana wenzangu kuchimba. Mzee huyu alikuwepo. Amekuja kwa miguu, jembe begani, ana miaka sitini. Tulichimba kwa siku kadhaa tope likiwa mpaka mapajani, soko limefunikwa, kituo cha afya kimefunikwa, familia nzima nzima. Jioni askari walipotuambia tuondoke mvua inarudi, alihesabu vijana wote aliokuja nao na wasiokuwa wake. Akatutanguliza, yeye akaja mwisho. Sikuelewa wakati ule. Nimeelewa leo kwenye uzi wako.

MtotoWaKambi

Nimekaa na maneno yako toka jana, sikuweza kujibu. Tulijua alikwenda Bududa. Aliporudi alilala siku mbili, kisha akaanza kupanda miti kwenye mteremko wetu wote, na hakutaka kusimulia. Nimemsomea Mama ujumbe wako. Amesema asante, na amesema ukipita ushuke nyumbani ule.

Wakuu, niseme na la ugonjwa, kwa sababu huenda kuna mtu litamfaa.

Ilianza na maumivu ya nyonga. Mtu wa mlima akiumwa nyonga, nani atashangaa? Naye mwenyewe alisema ni umri. Zahanati moja, siitaji, ilimpa dawa za maumivu miezi na miezi bila kupima chochote. Usiku aliamka kukojoa mara nne, tano, na hakumwambia mtu, aliona aibu. Tulipomfikisha hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa saratani ya tezi dume na imeshaingia kwenye mifupa. Daktari alituambia ni saratani inayowapata wanaume wengi sana hapa kwetu, na kwamba sisi wana wake tuko kwenye hatari zaidi kwa sababu ya damu moja, tusisubiri uzee ndipo tupime. Ni kipimo cha damu tu kwa kuanzia, kinaitwa PSA. Mimi na kaka zangu tumeshapima. Kina baba mnaosoma hapa, nawaomba kwa jina la Mungu, msione aibu.

Wiki za mwisho tulikuwa naye nyumbani. Miguu ile ambayo iliteremka mlima kama mbuzi ilibaki mifupa na ngozi. Mama aliikanda kwa mafuta kila jioni, akianzia kwenye vidole, hana haraka. Sauti ilikwisha. Pumzi ya filimbi haikuwepo tena, tukaiweka kwenye dirisha aione.

Usiku mmoja zamu ilikuwa yangu. Nilisinzia kwenye kiti. Nikasikia kitu kidogo sana. Kidole chake, kwenye chuma cha kitanda: ti, ti, ti. Kimya. Ti, ti, ti.

Nikainuka. Hakutaka maji, hakutaka kugeuzwa. Alikuwa akitaka kujua tu kama nipo. Nikagonga chuma mara tatu. Akafumba macho akalala. Alifanya hivyo kwa kila mmoja wetu siku zile, namba yake kwa namba yake. Kwa mdogo wetu wa mwisho alijitahidi mpaka sita.

ShangaziTororo

Mwanangu, nimelia mpaka mjukuu kaja kuniuliza. Nikamwambia kafa baba wa mtu mwema. Sasa filimbi kabaki nayo nani?

Dereva_Malaba

Na mimi nataka kujua hilo. Kwa mila, si ya kaka mkubwa?

MtotoWaKambi

Hilo tumelijadili kwenye kikao cha familia Jumapili. Kaka mkubwa ndiye mrithi, na kwa haki ilikuwa yake. Akaikataa. Alisema yeye anaishi Kampala ghorofa ya tatu, akipiga filimbi atawaita majirani. Wengine walitaka izikwe, lakini Baba tumeshamfunika na hatumfunui.

Mwishowe alizungumza binti wa dada yangu, anatimiza kumi na tano mwezi ujao. Alikuwa ameahidiwa Wagagai na Babu, safari ikakatizwa na ugonjwa. Aliuliza mbele ya wote, "Sasa namba yangu mimi ni ngapi?" Tukatazamana. Baba hakuwahi kuwapa wajukuu namba, alikuwa akiwaita kwa majina.

Dada akachukua filimbi dirishani, akaifuta kwa kanga yake, akampa mwanawe achague. Mtoto akafikiri. Akapiga mmoja mrefu na mmoja mfupi. Kuku wote wakakimbia na Mama akasema, kwa mara ya kwanza tangu mazishi akiwa na sauti yake ya kawaida, "Basi iwe hiyo."

Tunapanda naye mwezi ujao, sisi ndugu wote sita, wa mwisho aliyekuja kutoka Gulu amebaki kwa ajili hiyo. NyukiWaElgon, tunahitaji wabebaji watatu na ningependa uwe mmoja wao. Binti atakuwa mbele. Viazi Mama ameshavitenga. Jerikeni ya Baba ina ufa chini, nimeipeleka kwa fundi wa Budadiri aichomee plastiki, maana nafasi ya nyuma wamenipa mimi.